The Petrified Forest kwa miaka 90: tumemkamata mtekaji asiye yeye

Februari 2026 filamu ya The Petrified Forest imetimiza miaka 90 tangu studio ya Warner Bros. iitoe, na mazungumzo yameelekea kulekule yanakoelekea kila inapotajwa: kwa mwigizaji Humphrey Bogart. Kipande ninachokutana nacho mara kwa mara mitandaoni ni kile cha jambazi Duke Mantee, yaani Bogart, akiingia mgahawani, hajanyoa ndevu, mabega yameinama, mikono inaning'inia mbele kana kwamba bado ina pingu, huku mwenzake akiwatangazia wateja kwamba huyu ni muuaji anayejulikana dunia nzima na ana njaa. Ni kipande kizuri sana. Tatizo ni kwamba ukikitegemea hicho peke yake utaondoka na hadithi ya watu wema waliotekwa na watu wabaya, na hiyo siyo hadithi iliyomo. Mtekaji mkuu katika ule mgahawa wa jangwani hana bunduki. Ni babu mcheshi, mpenda soga, ambaye ana pesa za kutosha kumfungulia mjukuu wake njia ya kuondoka, na hataki kuzitoa. Mantee anawashikilia watu kwa saa chache. Babu Maple amemshikilia Gabrielle tangu binti huyo aanze kuota ndoto, na hakuna aliyewahi kumwitia polisi.

Kwa wasioifahamu, mambo yanatokea Arizona, ukingoni mwa jangwa, kwenye kituo cha mafuta chenye mgahawa mdogo. Jirani yake kuna ule msitu uliogeuka mawe, ambao upo kweli: magogo ya miti ya zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, ambayo nafasi ya mbao zake zote imechukuliwa na madini hadi gogo zima likawa jiwe la rangi rangi. Rais Theodore Roosevelt aliuweka chini ya ulinzi wa serikali mwaka 1906. Gabrielle, anayeigizwa na Bette Davis, anahudumia meza, anachora picha kwa siri na kusoma mashairi ya François Villon, mshairi wa kale wa Ufaransa, aliyotumiwa na mama yake, Mfaransa aliyeshindwa maisha ya jangwani akarudi kwao Bourges. Ndoto ya binti ni kumfuata huko. Anatokea mpita njia mmoja, Alan Squier, yaani Leslie Howard, mwandishi aliyechapisha riwaya moja, akaishi miaka kadhaa kusini mwa Ufaransa kwa pesa za mwanamke, na sasa anatembea kwa miguu bila hata senti ya kulipia chakula alichokula. Binti anapenda maneno yake. Halafu Mantee na genge lake wanaingia, wakiwakimbia polisi, na wote wanakuwa mateka: babu, binti, Squier, kijana mchezaji wa zamani wa futiboli ya Kimarekani anayemtaka binti, matajiri wawili waliokuwa safarini, na dereva wao.

Wanaosema filamu hii ni ya Bogart wana ushahidi, na si haki kuupuuza. Kabla ya kuwa filamu ilikuwa tamthilia ya Robert E. Sherwood, iliyofunguliwa Broadway, New York, Januari 1935, Howard na Bogart wakiwa jukwaani katika nafasi hizihizi. Warner waliponunua haki walitaka Mantee awe Edward G. Robinson, ambaye tayari alikuwa na jina kubwa katika filamu za majambazi. Howard akapeleka simu ya maandishi kwa bosi wa studio, Jack Warner, kwamba bila Bogart na yeye hayumo. Studio ikasalimu amri. Bogart, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 35 na hakuwa na lolote la maana Hollywood, hakusahau: binti yake aliyezaliwa mwaka 1952 alimpa jina la Leslie. Na mwaka 1955 alirudi kumwigiza Mantee kwenye televisheni, moja kwa moja, safari hii Lauren Bacall akiwa Gabrielle na Henry Fonda akiwa Squier. Kwa hiyo ndiyo, bila filamu hii pengine tusingempata Bogart wa miaka ya 1940. Lakini hiyo ni historia ya kazi ya mwigizaji. Haituambii filamu yenyewe inasema nini, kama vile kujua nani alifunga goli la ushindi hakukuambii timu ilicheza mfumo gani.

Hoja dhaifu zaidi, ambayo ndiyo inayopendwa zaidi, ni ile inayomgeuza Mantee kuwa mtu huru wa mwisho: jambazi asiyemnyenyekea yeyote, anayeishi kwa sheria zake katikati ya watu waliokufa ganzi. Naelewa inakotoka. Bogart aliijenga sura ya Mantee kwa kumtazama John Dillinger, mwizi wa mabenki aliyepigwa risasi na maofisa wa serikali kuu nje ya jumba la sinema la Biograph, Chicago, tarehe 22 Julai 1934, miezi michache tu kabla tamthilia haijafunguliwa. Wamarekani waliopoteza akiba zao mabenki yalipofungwa kwa maelfu mwanzoni mwa muongo ule hawakuwa na machozi mengi kwa benki iliyoibiwa. Squier mwenyewe anamwita Mantee mtume mkuu wa mwisho wa ule ubinafsi shupavu wa Kimarekani, maneno yaliyochotwa waziwazi kwenye hotuba za Herbert Hoover, rais aliyekuwa madarakani uchumi ulipoanguka, na wengi wanayapokea kama sifa. Hawasikii kejeli. Mwaka 1935 kumtaja Hoover mbele ya hadhira ya New York ilikuwa sawa na kumtaja aliyezamisha meli. Squier anasema kwamba falsafa ya kila mtu kivyake, ukiifuata hadi mwisho wake, inakupa mtu mwenye bunduki aliyejificha jangwani.

Isitoshe, mtazame huyo mtu huru anafanya nini. Anasubiri. Anajua polisi wanamsaka, anajua njia ya kuvuka mpaka ipo, wenzake wanambembeleza waondoke, naye hatoki kwa sababu ameahidiana kukutana hapo na mwanamke wake, Doris. Anapopata habari kwamba Doris ameshikwa na ametaja walipo, bado hatoki mara moja, maana sasa kinachomshika ni hamu ya kulipiza kisasi. Yeye mwenyewe anasema, bila kujihurumia, kwamba tangu awe mtu mzima muda mwingi ameumaliza jela na uliobaki anaona ataumaliza akiwa maiti. Ile mikono inayoning'inia kama yenye pingu haikuwa pambo la mwigizaji. Bogart alimwelewa mhusika wake kuliko mashabiki wake walivyomwelewa.

Tumrudie babu. Charley Grapewin anamwigiza vizuri kiasi kwamba watazamaji wengi wanamchukua kama kichekesho cha filamu, na hapo ndipo mtego ulipo. Hadithi anayoipenda kuliko zote ni ya siku Billy the Kid, jambazi maarufu wa enzi za kale, alipompiga risasi akamkosa. Mantee anapoingia, babu haogopi, anafurahi kama mtoto aliyeletewa zawadi. Watu wakimwita Mantee gangsta, babu anakasirika na kuwasahihisha: magangsta ni wageni, huyu ni Mmarekani, ni mnyang'anyi wa kale wa kweli kweli. Kwa mzee huyu uhalifu ni suala la pasipoti. Lakini yeye ana hati fungani za serikali, zile zilizouzwa kwa wananchi kugharamia Vita vya Kwanza vya Dunia, na ameshaandika kwamba akifa ziende kwa Gabrielle. Kila mtu pale anajua. Binti mwenyewe anajua kwamba tiketi yake ya Bourges imefungwa pamoja na pumzi za babu yake, na amejifunza kuliongelea jambo hilo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumzia bei ya mafuta. Katikati ya utekaji, Squier anamkabili mzee na kumsihi aziachie sasa, wakati binti bado ni kijana na bado anachora. Mzee hataki hata kusikia.

Huo ndio moyo wa filamu kwangu, na inashangaza jinsi unavyopitwa. Waigizaji wote wamewekwa kwenye chumba kimoja, wameelekezewa bunduki, na suluhisho la tatizo la binti limo humohumo chumbani mfukoni mwa jamaa yake. Mantee hahusiki nalo. Kama asingekuja kabisa, Gabrielle angeendelea kupanga vikombe na kusubiri kifo cha mtu anayempenda, jambo ambalo ni adhabu mbaya kuliko kuelekezewa bastola, kwa sababu bastola haikulazimishi kumtakia mabaya babu yako.

Kuna utetezi wa mzee, na ni utetezi mzito kuliko wa Mantee. Sherwood aliandika wakati Marekani haikuwa na mfumo wa kitaifa wa pensheni ya uzeeni. Sheria ya Hifadhi ya Jamii ilisainiwa na Rais Franklin Roosevelt Agosti 1935, miezi saba baada ya tamthilia kufunguliwa na miezi sita kabla ya filamu kutoka, na malipo ya kwanza ya kila mwezi hayakuanza hadi Januari 1940. Mwaka 1933 takriban mfanyakazi mmoja kati ya wanne alikuwa hana kazi. Katika nchi ya namna hiyo, mzee anayezikumbatia hati zake za serikali si bahili tu. Ndiyo pensheni yake, bima yake ya matibabu na heshima yake mbele ya mwanawe Jason, ambaye ni mtu wa kupenda sare na gwaride kuliko kazi. Anayemwambia mzee huyo aziachie leo amwambie pia kesho atakula nini. Squier, aliyelishwa na mwanamke kwa miaka mingi, ndiye mtu wa mwisho duniani mwenye haki ya kumhubiria mwingine kuhusu pesa, na filamu inalijua hilo.

Hata hivyo utetezi huo unaeleza tu kwa nini mzee amefunga mkono. Haumtoi kwenye nafasi ya mtekaji. Unamwongeza mtekaji wa pili nyuma yake, ambaye ni utaratibu mzima uliomfanya mtu wa umri wake achague kati ya usalama wake na maisha ya mjukuu. Nadhani ndiyo sababu Sherwood hakumfanya mzee kuwa mkatili. Mkatili tungemchukia tukaridhika. Mcheshi tunamcheka, na tukiwa tunacheka binti anazeeka. Mwandishi huyu baadaye alikwenda kumsaidia Roosevelt kuandika hotuba zake, na sishangai: mtu aliyeona tatizo kwa namna hii hakuwa na pengine pa kwenda zaidi ya siasa.

Ukishaukubali usomaji huu, wahusika wadogo wanaoonekana kujaza nafasi tu wanaanza kusimama sawasawa. Bibi Chisholm, yule mke wa tajiri, anafunguka chini ya mtutu kwamba alipokuwa msichana alitaka kuwa mwigizaji na nafasi aliipata, lakini familia yake ikaona ni aibu, ikamwoza kwa mwenye mali. Anamtazama Gabrielle kama mtu anayetazama picha yake ya zamani. Huyu pesa hazikumkosa hata siku moja, na bado yaliyompata ni yaleyale: wazee walikaa juu ya mlango. Inatosha kuvunja wazo jepesi kwamba tatizo la ndoto ni umaskini peke yake. Tatizo ni nani ameshika funguo na anataka nini ili azitoe.

Halafu kuna tukio la glasi mbili, fupi mno, ambalo kwangu lina uzito kuliko risasi zote zilizopigwa. Mmoja wa majambazi, Slim, ni Mweusi. Yuko sawa na wenzake, anakula nao, anabeba silaha kama wao, na hakuna anayelitaja hilo kama ajabu, jambo lililokuwa nadra Hollywood ya 1936. Dereva wa akina Chisholm, Joseph, naye ni Mweusi. Vinywaji vinapogawiwa, Slim anamkaribisha Joseph kunywa. Joseph anageuka kwa bosi wake na kuuliza kama inaruhusiwa. Bosi huyo wakati huo yuko chini ya ulinzi, hana amri hata ya kusimama. Slim anamdhihaki Joseph, anamuuliza kama hakusikia habari za ukombozi. Watu hucheka hapo, na kicheko ni halali, lakini Joseph si mjinga. Slim ataondoka na genge usiku uleule. Joseph kesho ataendesha gari la Bwana Chisholm, na mshahara wake utatoka mfukoni mwa Bwana Chisholm. Anajua vizuri ni yupi kati ya watekaji wake wawili ni wa kudumu. Sherwood na waandishi wa muswada wa filamu wameiweka hoja nzima ya filamu katika swali moja la mfanyakazi kwa bosi.

Squier ndiye anayesumbua. Msomaji wa kimapenzi anamwona shujaa: ana hati ya bima ya maisha ya dola 5,000, anaiandikisha kwa jina la Gabrielle, kisha anamwomba Mantee amuue akiwa anatoka, kwani kwa Mantee ni maiti moja zaidi na kamba ya kumnyonga ni ileile. Mantee anakubali. Mwishoni polisi wanaufyatulia risasi mgahawa, Mantee anatoka, Squier anamzibia njia na kumkumbusha ahadi, risasi inalia, na jambazi anaaga kwa kusema wataonana karibuni. Binti anamshika mikononi akifa na anasoma shairi la Villon. (Villon mwenyewe, tukumbuke, alikuwa mwizi, alishiriki wizi wa chuo kimoja cha Paris mwaka 1456 na akaponea kitanzi kwa kufukuzwa mjini mwaka 1463. Mama yule wa Bourges alimtumia bintiye zawadi yenye maana zaidi ya alivyodhani.)

Wanaompinga Squier wanasema kifo chake ni kujiua kulikopambwa, tena kwa udanganyifu kwa kampuni ya bima, na kwamba amemwamulia binti bila kumuuliza. Wana haki katika hoja ya mwisho. Gabrielle alimwomba waondoke pamoja, Squier akakataa. Kisha akaenda kumpangia maisha kwa siri, akiwa amemaliza kumlaumu babu kwa kumpangia maisha. Lakini wanakosea wanapodhani filamu haikuliona hilo. Tazama hesabu yake. Mzee ana mali ambayo itamfikia binti mzee akifa. Squier hana mali yoyote isipokuwa ile itakayomfikia binti yeye akifa. Mikataba yote miwili ina sharti moja, na sharti hilo ni maiti. Squier hakuvunja utaratibu wa babu. Aliuharakisha kwa mwili wake. Mtu maskini katika filamu hii hana rasilimali nyingine anayoweza kuibadilisha kuwa pesa, na mtu anayemsaidia kuibadilisha ni muuaji anayesakwa. Kuliita hilo mapenzi tu ni kulipunguza. Ni shutuma kwa nchi nzima, imevishwa nguo za mapenzi ili ipite mbele ya wakaguzi, kwani tangu Julai 1934 ofisi ya Joseph Breen ilikuwa inakagua kila muswada wa Hollywood kwa ukali na ingekuwa vigumu kupitisha shutuma hiyo ikiwa uchi.

Liko pia lalamiko la watazamaji wa leo kwamba watu wanaongea mno na chumba ni kimoja. Kwa upande wa umbo ni kweli. Mwongozaji Archie Mayo hakujisumbua sana kuificha asili ya jukwaani, na jangwa lake lina harufu ya studio. Niliwahi kuiona ikijaribiwa kwenye kibanda umiza, na vijana walianza kupiga mbinja kabla Mantee hajatokea. Siwalaumu. Ila wanaolalamika wanasahau kwamba maongezi yenyewe ni matokeo ya utekaji. Bibi Chisholm asingesema aliyoyasema kama asingekuwa na bunduki mbele yake. Squier asingethubutu kumkabili mzee. Mzee asingelazimika kukataa mbele za watu jambo ambalo siku zote alilikataa kwa kunyamaza. Watu huwa wakweli pale ambapo hakuna anayeweza kuinuka akaondoka. Ukiikata ile mijadala ili ubaki na bastola, umeikata filamu yenyewe, na hivyo ndivyo vipande vya mitandaoni vinavyofanya.

Na tukisoma hivi, mwisho wake unakuwa mgumu kuliko tulivyozoea kuambiwa. Tumezoea kwamba Gabrielle amekombolewa, ataenda Ufaransa kwa pesa za Squier. Filamu haituonyeshi hata senti moja ikilipwa. Jina la mnufaika limebadilishwa jioni ileile marehemu alipouawa, na marehemu aliomba auawe mbele ya mashahidi kadhaa waliokuwa wamekaa wanasikiliza. Mwanasheria yeyote wa kampuni ya bima, wa Marekani au wa Dar es Salaam, angeweka miwani vizuri kabla ya kusaini hundi ya namna hiyo. Kampuni ikigoma, binti atakuwa amebaki na kaburi, kitabu cha mashairi, na babu yuleyule, mzima wa afya, ambaye sasa ana hadithi mpya ya kuwasimulia wateja na hati fungani zake hazijaguswa.